Shoka la Courtade

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Wamarekani walikuja Paris wakapewa kazi ya kujenga lifti katika mguu wa kaskazini wa mnara wa chuma, na mwenyeji, Anselme Courtade, akaugua kwa wivu. Lifti aliyoijenga yeye katika mguu wa mashariki ilipanda salama, lakini minyororo yake ilipiga kelele hadi vibarua wakaiita kinu cha kahawa. Lifti ya Tuttle, yule Mmarekani, ilipanda kimya. Hilo ndilo lililomchoma roho.

Hata mkewe Zélie, aliyewauzia mafundi supu ya vitunguu chini ya mnara, hakumhurumia.

"Ya Tuttle inateleza kama siagi," alisema.

"Basi kaolewe na Tuttle!"

"Akiipenda supu yangu, nitafikiria. Wivu utakuua, mume wangu."

Siku ya majaribio ikafika. Nyaya za chuma ziliondolewa, na lifti tupu ya Tuttle ikaning'inizwa juu kwa kamba ya katani iliyofungwa chini kwenye nguzo. Kamba ikatwe, ionekane kama breki zitaidaka. Zisipoidaka, Tuttle arudi kwao, na mguu wa kaskazini uwe wa Courtade. Na kwa desturi ya mafundi wale, mwenye lifti hakati kamba, asije akashukiwa hila. Hukata mshindani wake.

"Kata kwa moyo wote, bwana," alisema Tuttle kwa Kifaransa chake kibovu, akimkabidhi shoka.

"Utajuta kunipa."

Courtade akainua shoka. Anguka, aliomba kimoyomoyo, anguka uvunjike vipande vipande. Akakata. Kamba ikafyatuka, lifti ikaporomoka.

"Shika!" mtu akapiga ukelele. "Shika, mama, shika!"

Breki zikauma reli. Lifti ikayumba, ikatulia, hata kioo kimoja hakikupasuka. Watu wakashangilia, kisha wakageuka kumtazama aliyepiga ukelele. Alikuwa Courtade, shoka mkononi, machozi yakimlengalenga.

Tuttle alimpa mkono, naye akaupokea. Alimchukia kuliko jana, maana sasa alijua kwamba lifti ile ni nzuri kweli.

Zélie alikuwa amerudi kwenye sufuria yake, anakoroga supu isiyohitaji kukorogwa.

"Nimeshinda au nimeshindwa?" Courtade alimuuliza, akijaribu kutania.

Zélie hakucheka.

"Nilipokuwa najifungua nusura nife," alisema, "hukunililia hivyo."