Kikohozi cha Upande wa Mizizi

Jani la kanasanzi hulazwa chali. Ukililaza kifudifudi linaoza, na Asma alishapoteza mengi kabla hajaelewa hilo. Alasiri ile alikuwa amechutama uani kwake, mjini Kasongo, mbele ya beseni la buluu lililojaa udongo mweusi wa kinamasi. Alichomoa majani moja moja pamoja na vikonyo vyake, akayapanga juu ya udongo, vinywele vyao vyekundu vikitazama mbingu. Kila kinywele kilikuwa na tone la utomvu nchani. Nzi akilidhania maji akatua, safari yake imeishia hapo.

Kando kulikuwa na beseni jekundu. Hilo lilikuwa la mizizi. Asma aliikata vipande vya urefu wa kiungo cha kidole, akavilaza, akavifunika udongo mwepesi kama mtu anavyomfunika mtoto siku ya joto. Mabeseni yote mawili yalinyweshwa maji ya mvua tu, yaliyokingwa kwenye mabati, kwa sababu maji ya kisima yanaua. Mbolea ndiyo kabisa! Mmea huu umezoea shida, ukiushibisha, unakufa.

Ulipokomaa aliukausha, akauchemsha na asali, ikawa dawa ya kifua. Wateja wake walikuwa wachimbaji dhahabu wa Salamabila, watu waliokula vumbi la mawe mpaka likawakaa mapafuni. Mche wa kwanza uliletwa na mwanawe wa pekee, Kamaldine. Aliung'oa kwenye tope, karibu na mdomo wa shimo alimochimba, shimo lililoitwa Vumilia. Akaufunga ndani ya jani la mgomba, akaupakata juu ya pikipiki mpaka nyumbani.

"Mama, hii itakupatia kazi," alisema. Akakohoa, akala, akarudi Salamabila.

Kikohozi cha Kamaldine kilikuwa chake peke yake: viwili vifupi, kisha kimoja kirefu kinachokwaruza kama jerikeni tupu linaloburutwa sakafuni. Alizaliwa na kifua kibovu. Asma alikesha naye utoto wote, akimpaka mafuta ya mawese mgongoni, akimwomba Mungu amwachie huyo mmoja.

Majani yalipochipua, yalianza kukohoa. Mche mdogo kuliko ukucha ulikunjua jani lake la kwanza, ukakohoa viwili vifupi na kimoja kirefu. Asma alikuwa akichambua mchele. Alisema, "Pole, baba," akaendelea kuchambua.

Kisha vikaja vikohozi vingine, vya wanaume asiowajua. Beseni jekundu lilichelewa, maana mizizi haina haraka, lakini nalo likaanza, kwa sauti nzito zaidi, kama ya mtu anayekohoa ndani ya gunia. Majirani walilalamika kidogo kuhusu kelele, kisha wakazoea.

Aliyegundua tofauti ya mabeseni alikuwa Ernestine, mkulima wa upande wa Wamaza aliyemletea Asma asali. Mumewe, Christophe, naye alichimba Vumilia. Masika yale Vumilia lilikuwa limeporomoka. Kamaldine alinusurika kwa sababu siku hiyo alilala na homa. Mwenye shimo, Bwana Hervé, ambaye watu wote humwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, alitangaza kwamba shimo lilikuwa tupu. Wanaume wasioonekana? Walishaenda Lusangi, akasema, kuna dhahabu mpya huko. Basi ndugu za Christophe wakakataa kuweka kilio. Mtu aliyehama haliliwi.

Ernestine alitua galoni ya asali uani, akajifuta jasho. Katika beseni jekundu kukatoka kikohozi kimoja kikavu, kikakatika katikati kama cha mtu aliyepaliwa na ugali.

"Mama Kamaldine," alisema Ernestine. "Hii iko Christophe."

"Una hakika, dada?"

"Nililala nayo mugongoni miaka yote ya ndoa. Mutu anaweza kukosea sura. Kikohozi cha bwana yake, hapana."

Akapiga magoti, akatega sikio kwenye beseni jekundu, kisha kwenye la buluu. Kwenye la buluu Christophe hakuwemo. Kamaldine alikuwemo humo, na alikuwa hai. Jana tu alipiga simu. Wanawake wale wawili walitazamana, wakaelewa bila kuambizana. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mauti hawakuyataja.

Habari ikaenea, na wake za wachimbaji wakaja. Aliyemsikia wake katika majani alishukuru, akarudi nyumbani kupika. Aliyemsikia katika mizizi alibaki kwenye mkeka. Kina mama wa mjini walisoma Yasini, Wakristo wakashika rozari, na ugomvi pekee ulikuwa wa nani akae karibu na beseni. Motari mmoja, dereva wa pikipiki wa Lusangi aliyekuja kununua dawa, aliwatania watu barabarani, akasema kama wote wanaosemwa wamehamia Lusangi wangekuwa huko kweli, yeye angelala juu ya mti kwa kukosa nafasi. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Asma alimpigia mwanawe simu usiku wa siku ileile Ernestine alipomtambua mumewe. "Rudi nyumbani."

"Nitarudi na nini, mama? Mikono mitupu?" Kamaldine alikuwa akicheka. "PDG alifungua shimo lingine, Vumilia ya Pili. Iko pembeni tu ya ile."

"Pembeni ya ile! Wewe huna akili?"

"Kila siku si unanisikiaka kwa majani? Basi niko muzima. Wasiwasi ya nini?"

Na Asma, Mungu amsamehe, akatulia. Angeweza kupanda pikipiki akamfuate, akamburute kwa sikio mbele ya wenzake, mama zetu wamefanya makubwa kuliko hayo. Lakini asubuhi alimsikia katika beseni la buluu, viwili vifupi na kimoja kirefu, na mchana tena, na wakati wa kunywesha. Akajiambia yupo. Mtu huchoka kuogopa kitu anachokisikia kikipumua.

Bwana Hervé mwenyewe alikuja siku moja, kifua kimembana. Mgeni ni mgeni. Alipewa kiti na maji. Ernestine alikuwa mkekani.

"Patron, funguwa shimo," alimwambia. "Nimuzike bwana yangu. Sitaki kitu kingine."

"Mama, shimo lilikuwa tupu."

Beseni jekundu likakohoa lote kwa pamoja. Bwana Hervé alingoja kwa adabu, kama mtu anayengoja mwadhini amalize, kisha akasema, "Ule Christophe alishaenda Lusangi. Atapiga telefone."

Asma alimletea kikombe cha dawa. Alipompa, aliendelea kukishika kwa mikono miwili, hakumwachia mara moja. "Mwanangu Kamaldine ana kifua kibovu. Nakuomba kwa jina la Mungu, mutoe mule ndani. Sina mwingine."

"Kamaldine? Ule iko mutoto wangu! Nitamuweka juu, kwa kuosha muchanga. Kesho."

Akanywa, akakohoa kikohozi kinene cha mtu aliyeshiba. Katika beseni la buluu mche mpya ukakohoa vilevile.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni wewe," alisema Asma. "Upande huo ni wa wazima."

Bwana Hervé alifurahi sana. Alinunua chupa za kutosha, akaaga kila mtu kwa jina lake. Alipoondoka, Ernestine aliung'oa mche ule akawatupia kuku. Kuku aliyeumeza alikufa. Kikohozi cha Bwana Hervé kilihamia jani la jirani, kikiwa safi zaidi kuliko mwanzo.

Kesho ikapita, na kesho nyingine. Mvua zilinyesha sana Kabambare, upande wa machimbo, na Kasongo pia, maji yakawa mengi kwenye mapipa. Mizizi ilistawi mpaka Asma akalazimika kuihamishia kwenye karai kubwa la kuchanganyia saruji, na hata humo ikabanana.

Alasiri moja alinywesha majani, hakumsikia Kamaldine. Akajiambia amelala. Akainama karibu na beseni la buluu, akasema polepole, "Kohoa, baba." Majani yakakohoa vikohozi vya watu wengine. Akaswali. Akiwa bado juu ya msala alisikia nyuma yake, katika karai la mizizi, viwili vifupi. Alikaza macho chini. Akangoja cha tatu, akiomba kisije. Kikaja, kirefu, kizito, kikikwaruza chini ya udongo.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Asma alitafuta simu. Simu ya Kamaldine haikupatikana. Akampigia Bwana Hervé.

"Kamaldine?" alisema Bwana Hervé. Nyuma yake mvua ilipiga mabati. "Ule alishaenda Lusangi, mama. Juzi tu. Atapiga telefone."

Akakohoa, na beseni la buluu likakohoa naye.

"Ile dawa iliisha," aliongeza. "Unitumie ingine na motari."

Asma aliweka simu chini. Akachota maji ya mvua, akayamimina kwenye karai taratibu, pembeni pembeni, maji yasimfunue mtu. Barabarani ilipita pikipiki ya Salamabila, imepakia vijana wawili na mabeleshi yao.

Ernestine alimtazama. Kisha akakusanya kitenge chake, akasogea mkekani, akampa nafasi.