Folda ya Mabaki

Kompyuta ya mume wangu ilikuwa na tabia ya kujiwasha. Ilikuwa ya mtumba na ilikuja na tabia hiyo: umeme ukikatika inazimika, umeme ukirudi inaamka bila mtu kuigusa. Kwa hiyo siku zote za eda, nikiwa nimekaa kwenye mkeka sebuleni, nilikuwa naisikia ng'ambo ya ukuta ikianza kuvuma ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli. Mara ya kwanza nilishtuka. Baadaye nikazoea, na kusema kweli wakati ule nilizoea kila kitu, hata mambo ambayo mtu hapaswi kuyazoea.

Chumba kilifungwa na shemeji yangu Abdulwahab, kaka mkubwa wa marehemu, mwenye malori mawili ya kuvusha mizigo hapa mpakani Tunduma. Alikifunga jioni ile ile ya mazishi, ufunguo akauchanganya na funguo za malori yake. Sikumlaumu. Katika ukoo wao vitu vya marehemu haviguswi mpaka arobaini ipite, ndipo vitolewe na kugawanywa mbele ya watu. Hata mjane haingii.

Yahaya, mume wangu, alikuwa mpiga video za harusi. Gari lilipinduka Nanyala akitoka kazini, akafa yeye, na kamera na simu yake vikasagika. Ninavyolisema hivi kavukavu ndivyo nilivyokuwa nikilisema wakati ule. Wanawake walikuja kulia kwangu na mimi nikakaa nikiwatazama wanavyolia, nikihesabu moyoni ni nani bado hajapewa chai. Bi Stumai, shangazi yake Yahaya aliyekuja kukaa nami eda, alininong'oneza nijitahidi kulia hata kidogo maana watu wana macho. Nikamwambia nikipata nafasi nitalia. Akarudi kwenye tasbihi yake.

Kilichonitia hofu ni kwamba sauti ya Yahaya ilikuwa imenitoka. Sura yake ninayo, picha ya pasipoti ipo kwenye pochi. Lakini nilijaribu kukumbuka alivyokuwa akiniita, nikapata jina langu tu, halina mtu anayelitamka. Simu yangu ni kitochi, haikurekodi kitu. Na mpiga video hasikiki kwenye video zake. Kila alipojisikia akimwambia bibi harusi ageuke au wazee wasogee, alikuwa anakata kile kipande kabla ya kazi kwenda kwa mwenyewe. Ila hakuwa mtu wa kutupa. Vipande vyote alivyovikata alivitia kwenye folda moja aliyoiita MABAKI. Nilikuwa namtania kwamba anatunza makombo. Sasa sauti yake yote duniani ilikuwa humo, nyuma ya kufuli.

Arobaini ilipokaribia, Abdulwahab alikuja, akasimama mlangoni kama adabu ya eda inavyotaka, akatueleza mimi na Bi Stumai kwamba kompyuta imepata mnunuzi, na siku ya pili baada ya kisomo itachukuliwa. Kabla ya hapo atamwita mtu afute kila kilichomo. Yeye alifundishwa kwamba picha za watu ni mzigo kwa aliyezipiga, na zikiendelea kuwepo mzigo unaendelea. Nikamwomba anitolee tu vile vipande vya mabaki.

"Nampunguzia mdogo wangu, shemeji," alisema. "Usinifanye nimwongezee."

Aliyasema kwa upole, macho yakiwa mekundu. Angekuwa mkali ningejua la kumjibu. Nikaitikia, akaenda zake.

Lakini kufuli lilikuwa la mlango tu. Ukuta Yahaya alikwishautoboa zamani. Mimi ndiye niliyekuwa nikitengeneza majalada ya DVD na kupachika muziki kwenye kompyuta yangu ya sebuleni, na yeye alichoka kuja na flashi kila dakika, kwa hiyo yeye na rafiki yake Sadoki, fundi kompyuta kutoka milima ya Ileje, walipitisha waya ukutani na kuunganisha kompyuta zetu. Nilikuwa nafungua folda zake kutoka kwenye kiti changu. Tangu msiba sikuwa nimewasha kompyuta yangu hata mara moja. Siku hiyo niliiwasha, nikatafuta ya Yahaya, haikuwepo.

Nilimpigia Sadoki. Kuingia ndani hakuweza, kwa vile niko eda na yeye si maharimu wangu, kwa hiyo alikaa barazani chini ya dirisha, pazia limeshushwa, na mimi ndani na Bi Stumai pembeni yangu. Yeye aliuliza, mimi nikamsomea kilichoandikwa. Fundi aliyezoea kushika mwenyewe akilazimika kusimuliwa anapata tabu. Nilimsikia akihema kila niliporuka neno.

Aliniuliza kwanza kama kile kisanduku cha kuunganishia waya kina taa. Nikakitafuta pale kilipokuwa, nyuma ya kochi kubwa, nikakuta hakuna kisanduku wala kochi. Makochi yalitolewa siku ya msiba ili watu wapate kukaa kwenye mikeka, na yakawa bado kwa jirani. Kisanduku nilikikuta kwenye kona chini ya mabusati ya kukodi, kimechomolewa, waya wake umefungwa fundo na mtu aliyependa usafi. Nilifungua fundo, nikachomeka. Taa mbili za kijani zikaanza kuchezacheza, moja ya kwangu na moja ya kule ndani.

Nikatazama tena kwenye skrini. Jina likatokea: YAHAYA. Ndivyo kompyuta yake ilivyoitwa, si kitu cha ajabu, ila Bi Stumai ambaye kusoma anajua aliliona pia na akajifunika uso kwa mtandio. Mimi nilibonyeza jina kama ninavyobonyeza jina lolote.

Ikaniomba neno la siri. Neno lenyewe silitaji, lilikuwa la watu wawili. Niliandika. Kompyuta ikajibu kwamba jina au neno la siri si sahihi. Nikaandika tena polepole kwa kidole kimoja. Si sahihi. Sadoki akaniambia niangalie kama herufi kubwa hazijafungwa. Hazikuwa zimefungwa. Akaniambia nizime kompyuta yangu niwashe, nikafanya hivyo. Si sahihi.

"Dada," Sadoki alisema nje ya pazia, akitafuta maneno, "labda alibadilisha paswedi."

Hapo nikapata hasira, ya kwanza tangu nilipoletewa habari, na kwa muda mfupi nilishukuru kuwa nayo maana angalau ilikuwa kitu. Amebadilisha lini? Kwa nini? Amemficha nani, kama si mimi peke yangu niliyekuwa na mlango wa kuingilia? Bi Stumai aliniambia nisimdhanie vibaya maiti. Nikamjibu kwamba maiti ndiye ananifungia mlango. Niliona aibu, halafu aibu nayo ikapita. Nikabaki natazama kile kisanduku cha neno la siri kwenye skrini, kinachosubiri.

Sadoki hakuondoka. Alikuwa akiniambia nijaribu hiki na kile, na mimi nafanya bila kutegemea. Mwisho akaniuliza kama kuna ugonjwa wowote ambao kompyuta ya Yahaya ilikuwa nao, hata mdogo. Nikamwambia haina ugonjwa ila ule wa tarehe.

"Tarehe gani?"

Nikamkumbusha ile kesi ya Iyula. Yahaya alipiga harusi ya binti wa mkulima mmoja wa kahawa mwaka 2012, na kwenye video tarehe ikajiandika 2009. Mzee akaja juu hapa nyumbani, anadai kwamba kwa tarehe ile binti yake alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari, na watu wakiiona wataambiana aliozwa akiwa shuleni. Yahaya aliomba radhi, akarudia kazi yote. Ubovu ulikuwa betri ndogo ya duara inayokaa ndani ya kompyuta kushikilia saa. Ilikwisha, kwa hiyo kila umeme ulipokatika kompyuta yake ilirudi tarehe mosi Januari 2009, na kila asubuhi aliirekebisha kwa mkono kabla ya kufanya lolote. Mwaka mzima na zaidi alikuwa akisema atavuka mpaka aende Nakonde anunue betri. Nilimwita mzee wa kesho.

Sadoki akaniuliza mimi kwangu ni tarehe ngapi, nikamsomea: Novemba 2014.

"Basi hakubadilisha kitu," alisema. "Tarehe zikiachana mno, kompyuta ya kule inakataa hata neno la kweli. Zamani alikuwa anairekebisha kila siku, sasa hakuna wa kuirekebisha. Wala sisi hatuwezi kuifikia. Itabidi wewe urudi alipo yeye."

Aliniuliza umeme ulirudi saa ngapi. Ulirudi asubuhi ile, wakati Bi Stumai anachemsha uji. Basi kule ndani bado ilikuwa Januari mosi. Nikafungua saa ya kompyuta yangu, nikaanza kurudisha miezi. Oktoba. Septemba, mwezi wa ajali ya Nanyala, nikaupita. Nikarudisha mwaka, nikarudisha mwingine. Nilipofika Januari 2009 nilifikiri kwamba kwa tarehe hii nina miezi sita kwenye ndoa na mume wangu yuko hai, anatafuta pesa ya kamera. Nikakubali tarehe, nikabonyeza jina lake, nikaandika neno letu.

Ikafunguka.

Bi Stumai ndiye aliyemwambia Sadoki. MABAKI ilikuwa pale pale. Nikaiburuta yote kuja kwangu, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Sadoki akasema nisiguse chochote, tuombe umeme tu. Tuliuomba, yeye kwa dini yake na Bi Stumai kwa dini yetu. Mimi nilitazama mstari. Ulipofika mwisho nilimshukuru Sadoki, akasema nisisahau kurudisha tarehe, akaniaga kupitia pazia na kuondoka. Sauti ya hatua zake ilipokwisha nikafungua kipande cha kwanza kilichonijia.

Ulikuwa ukumbi, kiza, kelele za watu. Kamera inatikisika. Kisha karibu kabisa na kipaza sauti cha kamera, karibu kuliko watu wote wa ukumbini, mtu akasema bila haraka:

"Naila, inua taa. Juu kidogo. Juu. Hapo hapo, mke wangu, usitikisike."

Kwenye harusi mimi ndiye niliyekuwa nashika taa. Sikumbuki kuamua kusimama. Ninachojua ni kwamba nilijikuta nimesimama katikati ya mikeka na mkono wangu wa kulia uko juu, nimeunyoosha, sitikisiki, na machozi yanatoka yenyewe mpaka shingoni. Kipande kikaisha. Mkono haukushuka. Nilikuwa na uchungu ambao sikujua kama nilikuwa nao, na niliufurahia.

"Nani kafungua chumba?"

Abdulwahab alikuwa mlangoni, ameleta mchele wa arobaini. Gunia lilikuwa chini na kishada cha funguo mkononi. Alitazama kufuli la chumba cha mdogo wake. Lilikuwa limefungwa kama alivyoliacha. Alinitazama mimi na mkono wangu. Nilikuwa tayari kugombana naye, kwa mara ya kwanza nilikuwa na nguvu hizo, na nikamwambia hakuna aliyefungua, sauti imepita ukutani.

Alivua viatu, akaingia hatua mbili, akakaa kwenye ukingo wa mkeka akiwa ameipa kompyuta mgongo ili asione picha yoyote. Akaweka funguo chini kati ya magoti yake na kuinamisha kichwa.

"Rudia," alisema.