Kungoja Jibu la Lusungu

Kwenye ile video mdomo wangu haufungiki. Bi Roshan alikuwa ameiegemeza simu yake kwenye boksi la chaki, tumekaa wawili ndani ya stoo ya vitabu, na pale kwenye kioo namwona mwanamke mnene wa gauni la kitenge anazunguka mbele ya watoto themanini na saba. Anauliza, anajijibu mwenyewe, anatania, anapiga makofi, anauliza tena. Huyo ni mimi. Dakika ya tatu nikamwomba azime, nimeshajiona. Akasema hapana, tuendelee.

Niseme ukweli, nilikuwa najipenda. Mimi Demetria ni mwalimu wa darasa la pili huku Madale, na Jumamosi ni MC. Kitchen party, send-off, harusi, ubarikio, ukumbi wowote upande wa Tegeta ulionitaka ulinipata. Na kazi ya MC ni moja tu: kimya kisikanyage ukumbini. Chakula kikichelewa, unaongea. Bwana harusi akikwama kwenye foleni, unaongea mpaka afike. Kazi hiyo hiyo niliileta darasani, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyelalamika. Wakaguzi waliandika kwamba darasa langu limechangamka, nami nikawa nawasomea wenzangu maneno hayo wakati wa chai.

Halafu akaja Lusungu. Alikuwa msichana wa miaka minane, mwembamba, macho yake dirishani muda wote. Mama yake, Gladness, karani wa ofisi moja ya mjini, alimleta na karatasi ya hospitali inayosema mtoto ana usonji, na akanieleza mambo mawili: hapendi kuguswa kichwani, na anasikia kila kitu. La kwanza nililishika. La pili nililihesabu kuwa maneno ya mzazi, maana kila mzazi mwanawe ana akili. Mimi nilichokiona ni kwamba ukimuuliza Lusungu jambo, hatikisiki. Ukishawageukia wengine na habari nyingine kabisa, ndipo anaropoka neno lisilo na kichwa wala miguu. Siku moja niliuliza wiki ina siku ngapi, naye akasema kwa sauti, "Sungura wawili."

MC aliyemo ndani yangu hakuiacha nafasi ile ipite. Niliwatangazia watoto kwamba leo wiki ina sungura wawili, nikaweka na vidole kichwani kama masikio. Wakacheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Kuanzia siku hiyo wakamwita Sungura, darasani, kwenye foleni ya uji, mpaka njiani kurudi nyumbani. Jina hilo sikulitoa mimi, lakini moto niliuwasha mimi.

Muhula ulipokwisha nilimwandikia barua Mwalimu Mkuu, Mwalimu Leodegar. Niliandika kwamba mwanafunzi hajibu anayoulizwa, hujibu yasiyoulizwa, na napendekeza ahamishiwe shule yenye kitengo cha mahitaji maalumu. Kitengo cha karibu kilikuwa magari matatu kutoka kwao, na Gladness hakuwa na mtu wa kumpeleka. Sote tulijua kwamba kumhamisha maana yake ni kumrudisha nyumbani akae. Nilijua na nikatia saini.

Mwalimu Leodegar ni mtu wa utaratibu. Aliiweka barua kwenye droo, akasema haipeleki wilayani mpaka mambo mawili yafanyike. Kuna nafasi moja ya mafunzo ya walimu wenye wanafunzi wa usonji, niende mimi. Na ikifika Novemba atampima Lusungu yeye mwenyewe, kusoma na kuhesabu. Akishindwa, barua inakwenda.

Nilikwenda shingo upande. Zilikuwa siku tano huko Temeke, walimu thelathini, feni mbili, mmoja wetu akisinzia kila mchana kwa zamu. Nilirudi na cheti na mfuko wa kitambaa, nikadhani ndiyo mambo ya semina, yamekwisha. Kumbe mafunzo haya yalikuwa na mkia. Kila Jumatano mmoja wa wakufunzi angekuja kukaa darasani kwangu, muhula mzima.

Wangu alikuwa Bi Roshan Remtulla, mama wa Kihindi aliyezaliwa Dar na kufundisha watoto wadogo maisha yake yote, ana Kiswahili cha mjini cha zamani na mjukuu mwenye usonji. Jumatano mbili za kwanza alikaa nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni, akitazama tu. Jumatano ya tatu akaomba ruhusa kwa Mwalimu Mkuu anirekodi. Nikavaa gauni zuri.

Basi tukawa tumefika stoo. Kwenye video namuuliza Lusungu jana alikula nini. Hajibu. Nauliza kama alikula wali. Au ugali? Haya, mama alipika nini? Au walilala njaa? Watoto wanacheka, nahamia kwa wengine, kisha tunaingia kwenye majina ya mavazi. Dakika nne baadaye, nimeshika sweta juu, sauti ya Lusungu inasema, "Makande." Na mimi naligeuzia macho darasa zima nauliza makande yanavaliwa wapi.

Bi Roshan akasimamisha video pale uso wangu umekaa vibaya. Akairudisha nyuma, akaicheza tena, na tena. Mara ya tatu nikaona. Sweta hakuwa na habari nalo. Mtoto alikuwa ananijibu lile swali la chakula, ndiyo kwanza amelifikia.

"Anakwenda kulitafuta jibu," Bi Roshan alisema. "Wewe ukibadilisha maneno, kwake ni swali jipya. Anatupa alichobeba, anaanza tena mwanzo. Uliza mara moja, Demetria. Halafu funga mdomo."

Nikamuuliza nifunge kwa muda gani. Akasema mpaka mtoto ajibu, na kwa mtu kama mimi ataniombea dua.

Jioni ile Gladness alipokuja kumchukua mwanawe, nilimwuliza nyumbani kwao wanafuga nini, maana siku ile ya sungura nilikuwa nimeanza kipindi kwa swali hilo hilo.

"Sungura, mwalimu. Wako wawili," akasema. "Si nilikwambiaga anasikia kila kitu?"

Nilirudi darasani nikakaa peke yangu. Niliona aibu, aibu ile ya mtu mzima ambayo huwezi kuisingizia uchovu wala watoto themanini na saba. Miezi yote ile mtoto alikuwa akinijibu, tena kwa usahihi, na mimi nilikuwa nikimfanya kichekesho.

Kesho yake niliwaambia watoto kwamba sungura wapo, ni wawili, na aliyekosea siku ile ni mwalimu. Jina lile nikalipiga marufuku, ingawa lilichukua wiki kadhaa kufa. Kazi ngumu ilikuwa kunyamaza. Nilimuuliza Lusungu swali, nikajing'ata ulimi, Bi Roshan kule nyuma ananihesabia kwa vidole. Vidole kumi vikaisha, akaanza upya. Shomari wa dawati la mbele akaniuliza kwa huruma kama naumwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila hawakusema kinavyouma. Kidogo kidogo tukagundua Lusungu anahitaji nusu dakika, na siku ya kelele dakika nzima. Tukagundua pia kwamba Bakari, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono tangu aanze shule, alikuwa na majibu siku zote. Yeye naye alikuwa hapewi nafasi.

Novemba ikafika na barua yangu bado iko kwenye droo. Nilikuwa nimeomba kuiondoa, Mwalimu Leodegar akakataa, akasema barua haiondolewi kwa huruma, itaondolewa kwa majibu. Ofisini tukawa wanne. Yeye mezani, Lusungu mbele yake, Gladness karibu na mlango kwenye stuli, mimi ukutani. Bi Roshan alibaki barazani. Nilikuwa nimemweleza Mwalimu Mkuu habari ya kuuliza mara moja, naye alikubali kwa kichwa.

"Kumi na tano toa sita," akasema.

Lusungu akatazama kalenda ukutani. Sekunde kumi hazijapita, Mwalimu Leodegar akarudia, kisha akaibadilisha, una machungwa kumi na matano. Nilimwona mtoto akipepesa macho na kuanza safari upya. Nikamwomba Mwalimu asirudie tena. Akanikumbusha kwamba kipimo kina muda.

"Muda uko mikononi mwako, Mwalimu Mkuu," nikamwambia. "Mpe dakika mbili. Akikwama, barua nitaipeleka wilayani mwenyewe."

Maneno hayo yalinitoka kabla sijayapima, na Gladness akaniangalia. Kisha tukangoja. Nilikuwa na jibu mdomoni, tisa, tisa, na mikono yote miwili nimeibana mgongoni nisije nikaonyesha vidole. Kalamu ya Mwalimu Leodegar ikawa inagonga meza, ikapunguza, ikaacha. Gladness aliangalia viatu vyake. Nimesimama mbele ya kumbi za watu mia tano bila jasho, lakini siku ile niliogopa.

"Tisa," akasema Lusungu, akiitazama kalenda.

Mwalimu Leodegar akaandika. Akauliza jingine, mara hii akaweka kalamu chini na kukunja mikono. Lilipofika swali la sita alikuwa ameacha kuangalia saa. Lusungu akasoma aya nzima ya mbuzi aliyevuka mto, polepole, bila kuruka neno. Ndipo droo ikafunguliwa.

"Barua ni yako, mwalimu," akanipa. "Wewe ndiye uliyeiandika."

Alisema hivyo mbele ya mama mtu. Nikaichana hapo hapo, nisijue niangalie wapi. Gladness akasimama, akamfunga mwanawe vifungo vya sweta, akasema alijuaga siku nyingi nani kaandika. Kisha akaniambia ahsante. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angenitukana.

Ijumaa ile, wenzake walipotoka, nilikaa pembeni ya Lusungu, si mbele yake.

"Niliwafanya wenzako wakucheke," nikamwambia. "Nilikosea. Umenisamehe?"

Nikangoja. Nusu dakika, dakika, dakika tano. Mama yake akaja, Lusungu akabeba begi lake, akaondoka. Kesho yake nilikuwa na harusi. Nilimuuliza baba wa bibi harusi anamkumbuka binti yake akiwa na umri gani, halafu nikanyamaza tu, kipaza sauti kiko kwake. Mzee alikaa kimya mpaka watu wakaanza kujikohoza, kisha akasema mambo yaliyowaliza watu ukumbi mzima, na mpishi mlangoni akafuta macho. Walidhani nimelipanga.

Jumatatu niko naita majina, Lusungu akatoka kwenye dawati lake, akaja kusimama mezani kwangu.

"Bado," akasema.

Watoto walidhani ni habari ya mahudhurio. Mimi nilicheka mpaka nikaweka kalamu chini, na machozi nayo yakawa yanatoka. Nikamwambia sawa, mama, nitangoja. Akarudi kukaa.

Yuko darasa la tano sasa, na Bi Roshan anakuja kila Jumatano kwa walimu wengine wanne. Asubuhi nyingine Lusungu hupita mlangoni kwangu, husimama kidogo, hunitazama, kisha huenda zake. Mimi huacha chochote ninachofanya. Sijamuuliza tena.