Kifurushi Kilichoelea

Kwa miaka mitatu Bu Kyongtaek alikuwa ameomba kitu kimoja tu: ruhusa ya kuwashusha wateja wake wanaozamia kwa mitungi ya hewa kwenye gati la wanawake wapiga mbizi, ili awapeleke kwenye meli iliyozama nje ya majabali. Ilikuwa meli ya mizigo, imelala ubavu mita ishirini na nane chini, imeota matumbawe mpaka kwenye bomba la moshi. Hakuna aliyeitumia. Lakini hapa kisiwani Jeju bahari ya kijiji ni ya wanawake, na wanawake maana yake ni Shangazi Chunhwa, mwenye miaka sabini na minne, anayezamia bila mtungi na kukataa bila maelezo.

Mwaka wa kwanza alikataa kwa sababu watu wa mitungi huiba konokono. Mwaka wa pili alikataa kwa sababu alikuwa amekataa mwaka wa kwanza. Mwaka huu alisema, "Njoo usafishe hiyo meli kwanza. Saa sita mchana tutapiga kura."

Bu akaleta wateja sita kutoka Seoul, wakiongozwa na Meneja Pyo wa kampuni ya bima, mtu ambaye hajawahi kufanya jambo nusunusu. Bu aliwaonya wasiguse konokono, wasiguse urumbo wa miba, wasiguse hata gamba tupu, kisha akawaitikisha kama darasa la chekechea. Kuhusu vifurushi vya karatasi hakusema neno. Mtu aliyelelewa Jeju hawazii kwamba jambo hilo linahitaji kusemwa.

Walizamia saa tatu. Bu alibaki upande wa tezi, nyuma ya meli, na wateja wawili waliokuwa wakihangaika na mapezi yao, huku Meneja Pyo akiingia chumba cha nahodha na mfuko mkubwa. Baadaye Bu alienda kuifunga mashua na kuvaa shati jeupe la mkutano. Aliporudi gatini, takataka zilikuwa zimepangwa kwa safu juu ya turubai.

"Plastiki kule, makopo hapa, nyavu pale, Mwalimu," akasema Meneja Pyo. "Na hizi za jikoni. Watu wengine hawana haya kabisa. Mtu anafunga wali kwenye karatasi, anakaza na uzi vizuri, halafu anatupa baharini."

Bu alitazama vile vifurushi vyeupe.

"Umevitoa wapi?"

"Chumba cha nahodha. Vimejazana humo kama kuna mtu anavikusanya. Ishirini na vitatu. Nimevikamua, nimevianika, visije vikanuka."

"Umevianika."

"Saa nzima. Jua lenu zuri."

Alfajiri ile, kama kila mwanzo wa msimu, wanawake walikuwa wamerusha baharini vifurushi vyao vya sadaka: kimoja cha Mfalme wa Bahari, kingine cha ndugu waliochukuliwa na maji, kingine cha mrushaji mwenyewe. Kikizama, kimepokelewa. Kikielea, au kikirudi, basi. Sentensi hiyo huwa haimaliziwi.

Nyuma ya mwamba ilisikika miluzi, ile pumzi ndefu wanayoitoa wapiga mbizi wakiibuka. Walikuwa wanarudi. Kurudi chini hakukuwezekana. Kompyuta ya mbizi aliyoivaa mkononi ilimtaka Bu asubiri muda wa saa mbili na nusu kabla ya kuzamia tena, na yeye ndiye aliyeandika kwenye ubao wa duka lake, kwa wino mwekundu, kwamba kompyuta haibishiwi.

Akakunja turubai, akavimwaga vifurushi majini. Ishirini na viwili vilizama. Cha ishirini na tatu kikaelea kama bata.

Bu alikitupia jiwe. Akakosa. Akatupa la pili, kikasogea mbali kidogo, kama kilichokasirika. Hatimaye akajitosa na shati lake na viatu vyake, akakikandamiza chini kwa mikono miwili. Kikamponyoka, kikaibuka. Kando yake kikaibuka kichwa cha Shangazi Chunhwa.

"Kyongtaek."

"Ndiyo, Shangazi."

"Umevaa shati la mkutano."

"Ndiyo, Shangazi."

"Umekumbatia nini hapo?"

Bu alikuwa bado anatafuta uongo wa maana Meneja Pyo alipomsaidia kutoka gatini. "Ni takataka, mama. Tumezitoa kwenye meli."

Wanawake wengine walikuwa wameshafika na maboya yao. Hakuna aliyecheka. Uzi wa kile kifurushi ulikuwa wa bluu, na uzi wa bluu ni wa Shangazi Chunhwa. Humfungia mdogo wake, aliyezamia miaka arobaini iliyopita na hakuibuka.

"Kimerudi," akanong'ona mmoja wao, Shangazi Okdan.

"Hakikurudi," akasema Bu, akimeza maji. "Kilifika. Sisi ndio tumekitoa. Kosa ni langu, sikuwaambia."

Shangazi Chunhwa alimgeukia Meneja. "Wewe wa takataka. Hiki ulikikuta wapi?"

"Juu ya kiti cha nahodha, mama. Vingine vyote vilikuwa sakafuni."

Shangazi Chunhwa akakipokea kifurushi mikononi mwa Bu. Kwa pumzi yake moja hafiki hata nusu ya kina kile. Miaka yote hiyo amerusha na kugeuka, bila mtu wa kumwambia vinaishia wapi.

"Kwenye kiti," akasema hatimaye. "Tangu utotoni mvivu yule."

Hapo ndipo wakacheka, wengine huku wakifuta macho. Vile ishirini na viwili vilikuwa vikionekana mita mbili chini, vyeupe kama mayai. Wakaviokota kwa dakika moja.

Kura ilichukua muda wa kumenya chungwa. Ruhusa ikatolewa, kwa sharti kwamba vifurushi vifungwe upya na kupelekwa kwa mkono, na cha uzi wa bluu Meneja Pyo akirudishe kitini mwenyewe, jioni ileile, kompyuta ikiridhika.

Bu akaipata meli yake. Tangu hapo, kila Jumamosi husimama gatini kama karani wa posta.

"Hiki cha Mfalme. Mwambie mjukuu wangu ana mtihani."

"Hiki cha mume wangu. Mwambie paa limeshatengenezwa, aache kunijia ndotoni."

Na akiibuka huwakuta wanamsubiri.

"Amesemaje mume wangu?" akauliza Shangazi Okdan Jumamosi iliyopita.

"Hajasema kitu, Shangazi."

"Ulimuuliza vizuri?"

"Nilikuwa na mpira wa kupumulia mdomoni."

"Basi wiki ijayo utoe," akasema Shangazi Okdan, akaenda zake kunywa supu ya mwani.