Haisikiki, Ukurasa wa Tatu

Aoko alikuwa mchapaji hodari, na kama katika mtaa mzima wa Mengo, Kampala, kulikuwa na mtu ambaye hakuwa amelisikia hilo, basi hakuwa amekutana na Aoko. Katika ofisi ndogo ya mawakili alikofanya kazi, alivaa hedifoni, akawasha mahojiano ya wakimbizi yaliyorekodiwa, na kuchapa walichosema papo hapo, mara moja tu, bila kusimamisha. Kusimamisha na kurudia, alisema, ni kazi ya watu wenye vidole vizito. Mkwaruzo ukimeza neno, aliandika kwenye mabano: haisikiki. Kisha akaendelea zake.

Alhamisi hiyo, saa nne na nusu asubuhi, Wakili Nabangala alimwekea barua mezani. Ombi la ukimbizi la Mugisho, fundi viatu kutoka Bukavu, lilikuwa limekataliwa. Barua ilisema mwombaji hakuweza kutaja jina la mke wake, wala tarehe ambayo mke huyo alichukuliwa na watu wenye silaha. Rufaa ingesikilizwa siku hiyo hiyo, na ilibidi watoke ofisini saa sita kamili.

“Ukurasa wa tatu umejaa matundu,” alisema wakili. “Na wewe mwenyewe uliandika hapa chini kwamba mzungumzaji anameza maneno. Hebu sikiliza tena, dada. Labda tutapata kitu.”

Aoko alinuna. Kwake yeye kazi ilikuwa safi. Kasoro ilikuwa kwenye mdomo wa yule Mkongo. Alivaa hedifoni shingo upande, na kwa kuwa hakukuwa na cha kuchapa, akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Sauti ya Mugisho ilikuja bila doa. Hakumeza neno hata moja. Alitaja siku, mwezi na mwaka. Alitaja jina la mke wake mara nne, polepole, kama mwalimu anayesoma imla. Aoko aliweka kikombe chini vibaya na chai ikamwagikia ile barua.

Akarudisha sauti nyuma, safari hii vidole vikichapa kwenye kibodi. Krak! Jina likapotea. Akaondoa vidole; jina likarudi. Akabonyeza herufi moja, akasikia mkwaruzo mmoja. Akabonyeza tatu, akasikia mitatu. Akazima kompyuta, akaiwasha upya, akajaribu tena huku akimwomba Mungu iwe kitu kingine. Akafungua mahojiano ya mtu mwingine. Huko nako, akichapa sauti inakatika, akiacha inatulia. Basi haikuwa kinasa sauti, wala haikuwa mdomo wa mtu. Ilikuwa kibodi, ile aliyoinunua mtaa wa Kisenyi miezi minne iliyopita, baada ya herufi A ya kompyuta kufa.

Akampigia simu Kamis, fundi wa Kiswahili cha kuungaunga aliyemuuzia.

“Hiyo kibodi uliweka wapi?” aliuliza Kamis.

“Kwenye kile kidude ulichoniuzia, chenye matundu manne ya kuchomekea waya. Pamoja na hedifoni.”

“Aa, dada! Hiyo kidude ni ya bei rahisi, nashindwa kubeba mbili kwa pamoja. Wewe nabonyeza, sauti nakatika. Toa kibodi, weka kwa kompyuta yenyewe. Halafu sikia.”

Aliichomoa, akaichomeka ubavuni mwa kompyuta, akachapa jina lake mwenyewe mara tano huku sauti ikiendelea. Hakuna mkwaruzo. Dawa yake ilikuwa ya nusu dakika, na yeye alikuwa amefuta maneno ya watu kwa miezi minne kwa vidole vyake mwenyewe, kisha akaandika kwamba hawajui kusema. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Ilikuwa saa tano na robo, na kurasa zilikuwa tisa. Alianza upya, na ile mikono ya kujisifia ikamgeuka: ikaruka herufi, ikarudia mistari. Akajikuta anafanya kile alichokidharau miaka yote. Alisikiliza sentensi, akasimamisha, akaandika, akarudi kuhakikisha. Kila akiinua macho alimwona Mugisho mwenyewe kupitia mlango uliokuwa wazi, ameketi kwenye benchi la korido ndani ya koti la kuazima. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na alikuwa akijisemea kitu kile kile tena na tena.

Dakika tano kabla ya saa sita, Nabangala alisoma ukurasa wa tatu akiwa amesimama. Aoko alimweleza yote bila kuficha.

“Yaandike hayo na utie sahihi, sasa hivi,” alisema wakili. “Na mafaili mengine ya miezi minne?”

“Arobaini na mawili.”

Nabangala alimsukumia kalamu.

Aoko alipotoka na karatasi, Mugisho alisimama.

“Mama, usiogope, leo batasikia!” alisema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, kwa sauti kubwa, mpaka mtu wa ofisi ya jirani akachungulia. “Balisema minameza maneno. Sasa kila asubuhi minasoma Biblia na nguvu, mupaka majirani banagombana.”

Aoko alitamani ardhi ipasuke immeze.

“Kaka Mugisho, sauti yako haikuwa na shida. Ni kibodi yangu, na ni mimi. Kila nilipochapa, nilikukata. Kisha nikaandika kwamba ni wewe.”

Kama Mugisho alikasirika, hakuonyesha. Akaketi tena, mikono juu ya magoti.

“Mi nilijua ni kinywa yangu,” alisema. “Nilianza kuogopa kusema jina ya muke yangu hata ku nyumba.”

Kisha akashusha sauti, ikawa ile ya kwenye mahojiano, ya chini na ya kawaida.

“Emérence. Unaisikia?”

“Naisikia, kaka.”