Kunde za Jumamosi na Santuri ya Alvester

Kunde mbichi zilifika Jumamosi asubuhi kutoka Mississippi, gunia zima, na kunde mbichi hazimsubiri mtu. Nikawaita jirani zangu kwenye ngazi za nyuma, kila mmoja na beseni lake mapajani, tukaanza kumenya. Ndipo mjukuu wangu Alvester akatokea amekumbatia gramafoni, albamu yake ya kwanza kwapani.

“Bibi, saa sita Bwana Purvis anakuja. Katika nyimbo nane atachukua mmoja tu, auweke kwenye mashine za muziki za mabaa yote ya kusini mwa Chicago. Nimpe upi?”

Purvis alikuwa ameshamwambia kwamba wimbo huo usipowavuta watu, asimletee mwingine. Na kazi ya machinjioni Alvester alikuwa ameiacha kwa ajili ya piano. Aliishika sindano ya gramafoni, akairudisha, akaishika tena.

“Weka,” nikamwambia. “Sisi tunamenya, huku tunasikiliza.”

Akaanza na ule anaoupenda mwenyewe. Vidole vilipanda na kushuka kama paka juu ya bati.

“Mwanangu,” akauliza Dada Ozella wa kwaya yetu, “anayekukimbiza ni nani?”

“Ndiyo jazi hiyo, Dada Ozella.”

“Basi nayo ipumue kidogo.”

Mzee Cleotha, aliyekulia kwenye mashamba ya pamba akisikia muziki wa bluzi, akatikisa kichwa. “Bluzi gani haina gitaa? Umeivalisha suti na tai, sasa haiwezi hata kuinama.”

“Suti unaijulia wapi, mzee? Ya harusi yako uliazima,” akasema Wynetta, msusi wa mtaani kwetu. “Mimi nimeupenda. Ila nikitaka kucheza, naanza na mguu upi?”

Wimbo wa tatu ulimjibu. Alisimama akayarusha mabega, kunde zikamwagika ngazini.

“Huo ni dhambi tupu,” akasema Ozella.

“Na mguu wako unafanya nini hapo chini?” akauliza Wynetta.

“Una ganzi.”

Alvester alikuwa anazitia nyimbo alama kwa penseli juu ya jalada, anafuta, anatia tena. Nyuma ya jalada msomi mmoja alikuwa amemsifu. Nilisoma mistari miwili, maneno yakawa marefu kuliko kunde, nikamrudishia. Ilipofika saa tano na nusu watu watatu walikuwa wametoa maoni kumi, na uso wa mjukuu wangu umeshuka.

“Bibi, na wewe mbona husemi?”

“Naangalia.”

Nilikuwa naangalia mikono. Jirani zangu wanaweza kubishana hata juu ya rangi ya maziwa. Lakini muda wote ule, wakisifu, wakiponda, kunde zilidondoka mabesenini, to, to, to, wala hakuna aliyepunguza mwendo; hata Wynetta alipomaliza kucheza alikaa akaendelea.

Ukabaki wimbo wa mwisho.

“Huo hata msiusikilize,” akasema Alvester. “Niliupiga kujaza nafasi.”

Ulikuwa wa polepole. Mkono wa kushoto unatembea kama mtu anayetoka kazini, wa kulia unamjibu kidogo, tena kwa kuchelewa. Katikati nikashtuka, ngazi nzima kimya. Cleotha ameshika ganda limefunguka nusu. Ozella amefumba macho. Wynetta ameketi, ganda limelala mkononi. Haikudondoka hata punje moja mpaka sindano iliponyanyuka.

“Ungetaka gitaa,” Cleotha akasema.

“Mpole mno kwa baa,” akasema Ozella.

“Hauchezeki,” akamalizia Wynetta.

Alvester akainua penseli aukate jaladani. Nikamshika mkono.

“Wimbo huu ulipokuwa unalia, nani alikuwa anamenya?”

Akayatazama mabeseni, akatutazama sisi. Akaiweka penseli mfukoni.

Saa sita kamili Purvis akaingia uani, viatu vinang’aa. Alvester akamwambia achukue wimbo wa mwisho, wa polepole.

“Wa polepole? Kijana, watu wanaenda baa kuchangamka! Una hakika?”

“Sikiliza kwanza. Ila tusaidie na hizi.” Akamjazia maganda viganjani.

Purvis alimenya ganda moja, akatania kuhusu wapishi. La pili alilishika tu, likabaki hivyo hivyo mpaka wimbo ulipokwisha. Kisha akaitoa santuri taratibu, akaifuta kwa kitambaa chake, akasema anaondoka nao huo.

“Nilisema mimi tangu mwanzo,” akasema Mzee Cleotha.

Kunde ziliiva saa tisa. Purvis alibaki akala sahani mbili.