Kiuno Sabini na Nane

Kila asubuhi kabla sijaenda chuoni, mama alisimama katikati ya chumba akiinua mikono kidogo, kama mtu anayevuka maji, nami nikampitishia futi ya kupimia nguo: kifua, kiuno, nyonga. Mwalimu wetu wa ukataji alikuwa ametuagiza tumpime mtu yuleyule kila siku kwa muhula mzima, mpaka mkono ujue kabla ya jicho. Tulimwita Madam Sentimita, kwa sababu nusu ya hiyo ilimtosha kukufumulisha gauni zima. Kifua tisini na mbili. Kiuno sabini na nane. Nyonga mia moja. Namba zile nilizitaja kimoyomoyo njia nzima, kwa hofu ya kuulizwa nikashikwa na kigugumizi.

Asubuhi moja kiuno kilisoma sabini na tano.

Nikapima tena. Sabini na tano.

"Futi imevutika hiyo," mama akasema, akishusha mikono. "Za siku hizi zinavutika kama maneno ya mmbea. Nenda, utachelewa."

Mama alikuwa fundi cherehani tangu kabla sijazaliwa. Akisema futi imevutika, mimi nani nibishe? Hata hivyo, chuoni niliilaza kando ya rula ya chuma. Hazikupishana hata unywele. Siku hiyo nilikata mikono miwili ya gauni, yote ya kushoto, na wenzangu wakacheka hadi machozi, wakiniuliza huyo mteja wangu anakula kwa mkono gani. Nilicheka nao.

Kesho yake kiuno kilirudi sabini na nane.

Niliiandika namba ile daftarini kwa wino, nikapumua. Wala sikujiuliza kwa nini siku hizo mama alipimwa akiwa amevaa sweta.

Mtihani wa mwisho ulikuwa gauni moja, la mteja halisi, la kubana kiunoni. Mteja angepimwa mbele ya mwalimu, kisha alivae, aingie ukumbini kwa watahini. Nusu ya alama zilikuwa za jinsi linavyomkaa. Mama alichagua kitambaa mwenyewe, kijani iliyokolea, akakisugua kwa vidole viwili kama anayeonja unga. "Hiki hakitakuaibisha," akasema.

Nilipomjaribisha nyumbani, hakukubali kuvua nguo alizovaa chini ya gauni. "Nivuliwe na mtoto niliyemfunga nepi? Jaribisha hivihivi." Gauni lilimkaa kama limemwagwa. Lakini nilipopitisha kiganja mgongoni kunyoosha mshono, kiliteleza juu ya kitu kinene, laini, kisicho mwili. Kikasimama hapo. Mama naye akasimama, hapumui.

Mkono ulijua. Nilikuwa na pini mdomoni, na fundi mwenye pini mdomoni hakuna anayemtarajia aseme. Nikaendelea kunyoosha mshono. Kwa wiki tatu baada ya hapo nilikuwa nikishtuka usingizini nikihesabu sentimita, na kila kulipokucha nilimkuta mama amesimama tayari, mikono juu, anatabasamu.

Siku ya mtihani, Madam Sentimita aliingia nyuma ya pazia la chumba cha kubadilishia na futi yake shingoni.

"Mama, naomba utoe sweta."

"Nina baridi, mwalimu."

"Madirisha yamefungwa, mama yangu." Alisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kuona.

Mama alinitazama, kisha akavua. Chini ya sweta, juu ya shimizi, alikuwa amejizungushia taulo, limekazwa kwa pini kubwa tatu, kwa ufundi ambao ningeupa alama zote. Madam alizichomoa moja moja. Taulo likaanguka. Mbavu za mama zilihesabika.

"Sitini na sita," Madam akanong'ona, yeye ambaye namba alizipigia kelele.

Tukamvika gauni. Lilining'inia kama bado liko kwenye hanga. Madam alitazama saa, akanitazama mimi. "Una nusu saa. Punguza mishono ya pembeni. Sijaona kitu." Akatoka, akavuta pazia nyuma yake.

"Haya, umesikia," mama akasema. "Shika sindano."

Nikapiga magoti. Nikakusanya kitambaa ubavuni, na kila nilipokusanya kikabaki kingine.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza kwa meno yaliyobana pini.

"Ungeacha chuo. Wewe mtu akikohoa tu unabaki nyumbani kumchemshia maji." Alicheka kidogo. "Tena usinifanye mjinga. Siku ile ya kujaribisha uliligusa."

"Nililigusa."

"Basi. Tulikubaliana. Shona, umalize, halafu tutaongea."

Nje ya pazia walikuwa wakiita wateja kwa zamu: wa nne, wa tano. Sisi tulikuwa wa tisa. Mtihani ule nilikuja kuurudia mwaka uliofuata, kwa mteja mwingine, nikafaulu, na Madam akanipa mkono. Lakini wakati ule sikuwa na mwaka uliofuata. Nilikuwa na mshono mmoja wazi na nyama ya mama yangu iliyokuwa ikipungua chini ya vidole vyangu. Nikatoa pini mdomoni, nikazichomeka zuliani, zote.

"Sishoni, mama."

"Usinichezee. Miaka miwili yote hii, halafu—"

"Sishoni. Sema."

Wakaita wa sita. Mama alishika gauni kiunoni kwa mikono yote miwili, kama limeazimwa. Alifungua mdomo, na nikaona mzaha unamjia, nikaona anautafuta, anaukosa. Akakaa juu ya kigoda, kitambaa cha kijani kikamjaa miguuni.

"Walinipa tarehe ya kwenda hospitali," akasema. "Imepita mara mbili. Nafika getini, narudi." Akanitazama, si kama fundi, si kama mteja. "Naogopa, mwanangu. Nataka twende wote."